Asidi ya Yuriki na Mgonjwa wa Kiharusi

Mwaka 1952 homa kali iliwaangusha watu wengi vijijini Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Viungo viliuma hata mtu akashindwa kusimama wima, na wenyeji wakauita ugonjwa huo chikungunya, kwa jinsi mgonjwa alivyojikunja. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipoandika habari zake mwaka 1955 walilichukua neno la Kimakonde kama lilivyo, na leo madaktari wa India na Brazili wanalitumia bila tafsiri.

Istilahi ya makala haya imesafiri kinyume chake: imetoka maabara za Ulaya, na inapofika Newala au Masasi inamkuta mtu asiye na picha yake. Ni asidi ya yuriki. Mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwaka 1776 alipochunguza mawe yanayotoka katika njia ya mkojo, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkojo. Kwa hiyo wanaoandika "asidi ya mkojo" hawajakosea tafsiri. Hata hivyo mimi nachagua yuriki. Familia ikiambiwa kwamba asidi ya mkojo ya mzee imepanda, itafikiri kibofu kimeugua na kuanza kutafuta dawa ya U.T.I., ilhali kilichopimwa ni damu.

Mwili huitengeneza asidi hii unapovunja purini, kemikali zilizomo ndani ya chembe zetu wenyewe na katika vyakula kama nyama, maini na dagaa. Mamalia wengi wana kimeng'enya kiitwacho urikase kinachoivunja zaidi. Binadamu alikwisha kukipoteza zama za kale, basi kazi ya kuitoa imebaki hasa kwa figo. Pombe huipandisha, na uraka wa mabibo ni pombe kama nyingine. Mwili ukikaukiwa maji nayo hupanda, jambo la kuzingatiwa kwenye uwanda ambao kwa miaka mingi watu wake wameteremka mabondeni kufuata maji. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita huanza kuganda kuwa fuwele, kama chumvi iliyozidi kwenye maji, na fuwele hizo zikijikusanya kwenye kiungo huleta jongo, ambalo wengi sasa wanaliita gauti. Maabara nyingine huandika maikromoli kwa lita, hivyo 400 kwenye karatasi moja ni karibu sawa na 6.8 kwenye nyingine. Asiyejua hilo atashtuka bure.

Kiharusi kinaingiaje hapa? Kwanza tutenganishe maneno mawili: kiharusi ni tukio lenyewe, mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka, na kupooza ni mojawapo ya matokeo yake. Mshipa ukiziba, na hata damu inaporudi, ubongo hushambuliwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake zinazoharibu kila zinachogusa. (Baadhi ya maandishi huziita "itikadi kali". Hilo ni kosa la kurekebishwa. Itikadi ni imani, si molekuli.) Mwaka 1981 Bruce Ames na wenzake huko California walieleza kwamba asidi ya yuriki ni miongoni mwa vitu vinavyozizima radikali hizo katika damu ya binadamu. Kitu kinacholaumiwa kwa jongo kikaonekana kuwa mlinzi.

Ushahidi uliofuata ukapingana. Barcelona, mwaka 2002, Ángel Chamorro na wenzake waliwaangalia wagonjwa 881, na waliokuwa na yuriki nyingi walipona vizuri zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa Glasgow wakaona kinyume. Sishangai sana, kwa sababu yuriki nyingi hufuatana na presha, kisukari na figo dhaifu, na si rahisi kujua lipi limemwumiza mgonjwa. Ndipo Barcelona wakajaribu kuwapa wagonjwa asidi yenyewe, gramu moja kwa mshipa, pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Matokeo yalitoka mwaka 2014: kati ya watu 411, waliopona vizuri sana walikuwa 39 kwa kila 100 upande wa asidi na 33 upande wa pili. Tofauti hiyo haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati, ingawa kwa wanawake ilionekana kubwa zaidi.

Dawa ile ya kuyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ni kilomita 210. Msomaji wa huku afanye hesabu mwenyewe.

Na kuishusha yuriki je? Uingereza waliwapa alopurinoli, dawa ya jongo, watu waliowahi kupata kiharusi. Walioshiriki jaribio hilo walikuwa 464, na kwa miaka miwili dawa haikuzuia kuendelea kwa uharibifu unaoonekana kwenye picha za ubongo. Kwa hiyo kipimo cha yuriki kikisoma juu baada ya kiharusi, na mgonjwa hana jongo wala mawe ya figo, hakuna sababu ya kumnunulia vidonge hivyo dukani. Fedha hiyo inunue dawa ya presha ya kila siku, na nauli ya kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo.