Amri tatu zinazojenga programu: zilitoka wapi, na tunamwamini nani?

Kama umewahi kutumia Linux au mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, huenda kuna siku ulitaka programu fulani, ukaambiwa: pakua msimbo wake chanzo, ufungue, halafu andika haya:

./configure
make
make install

Ukabonyeza, na maandishi yakaanza kumiminika kwenye skrini kama mvua ya masika: inakagua hiki, kipo, inakagua kile, hakipo. Baada ya dakika kadhaa programu ikawa tayari, ukaendelea na kazi zako.

Wengi tunaishia hapo. Lakini wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Amri hizi tatu hazikuja pamoja kwa siku moja. Ziliundwa na watu tofauti, kila mmoja akitibu kichwa kilichokuwa kinamuuma wakati huo. Na mwaka 2024, njia hii hii ya kujenga programu ilitumiwa kuficha mtego ambao ungeweza kufungua seva nyingi sana duniani. Kwa hiyo twende taratibu.

Kitambaa, au nguo ya dukani?

Kwanza tuelewane kuhusu msimbo chanzo. Unaweza kununua nguo dukani ikiwa imeshonwa tayari, unavaa na kuondoka. Au unaweza kununua kitambaa na kumpelekea fundi cherehani, akushonee ya mwili wako.

Programu nazo ndivyo zilivyo. Ile unayosakinisha kwa kubofya ni nguo ya dukani: imeshatafsiriwa kuwa lugha ya namba ambayo prosesa inaielewa. Msimbo chanzo ni kitambaa: maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha, lakini kompyuta haiwezi kuyaendesha mpaka yapite kwa kompaila, programu ya kutafsiri.

Sasa ziangalie tena zile amri tatu. Ya kwanza ni fundi anapima. Ya pili anakata na kushona. Ya tatu anaitundika nguo kabatini, mahali ambapo ukiihitaji utaikuta.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini watu wasiuze nguo zilizoshonwa tu, tukamaliza? Jibu liko kwenye historia ya Unix yenyewe.

Mfumo uliosafiri kama maandishi

Unix ilianza mwaka 1969 katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mwaka 1973 waliiandika upya kwa lugha ya C. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kabla ya hapo mifumo mingi ya uendeshaji iliandikwa kwa lugha ya mashine moja tu. Ukibadilisha mashine, unaanza upya. C ilifanya iwezekane kuuchukua msimbo ule ule na kuutafsiri kwa mashine nyingine, baada ya marekebisho.

Jambo la pili lilikuwa la kisheria. Kwa makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani, AT&T ilibanwa isifanye biashara nje ya mawasiliano. Isingeweza kuiuza Unix kama bidhaa ya kawaida. Basi ikawa inatoa leseni kwa vyuo vikuu, na vyuo vikapokea tepu zenye msimbo chanzo ndani yake. Wanafunzi waliusoma, wakaurekebisha, wakabadilishana marekebisho. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikaanza kutoa toleo lake, BSD.

Kwa hiyo tangu mwanzo utamaduni wa Unix ulikuwa wa kupeana kitambaa. Mashine zilikuwa za aina nyingi mno. Nguo ya dukani isingemkaa kila mtu.

make: dawa ya asubuhi iliyopotea

Programu kubwa huwa na mafaili mengi ya msimbo. Ukibadilisha faili moja, lazima ulitafsiri upya, pamoja na yote yanayolitegemea. Ukisahau moja, programu inabaki na kipande cha zamani.

Ndicho kilichompata Steve Johnson pale Bell Labs, yule aliyetengeneza yacc. Alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo alikuwa ameshairekebisha. Msimbo ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba faili halikutafsiriwa upya. Akaenda kulalamika kwa mwenzake Stuart Feldman, ambaye jioni iliyotangulia naye alikuwa amehangaika na balaa la namna hiyo hiyo.

Feldman akaandika make, mwaka 1976. Wazo lake ni rahisi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini halikuwepo kabla. Unaandika faili moja, Makefile, linaloeleza kipi kinategemea kipi. Kisha make inaangalia saa: kama faili la msimbo ni jipya kuliko tafsiri yake, inatafsiri upya, kama si jipya, inaliacha. Haifanyi kazi isiyohitajika, na haisahau.

Make ina kituko kimoja ambacho kila anayeianza hulaumu. Mistari ya amri ndani ya Makefile lazima ianze na tabo. Ukiweka nafasi za kawaida, inagoma. Feldman mwenyewe aliona mapema kwamba uamuzi huo una kasoro. Lakini wakati huo tayari alikuwa na watumiaji wapatao 12, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwaharibia kazi. Basi tabo ikabaki. Leo hatujui hata pa kuanzia kuhesabu watumiaji wake. Mwaka 2003 make ilimpatia Feldman tuzo ya ACM ya mifumo ya programu.

configure: fundi anayepima mwenyewe

Miaka ya 1980 Unix ikagawanyika. AT&T ilikuwa na System V, Berkeley walikuwa na BSD, na kampuni kama Sun, HP, IBM na DEC kila moja ikawa na Unix yake. Zilifanana kama ndugu, lakini ndugu wasioazimana nguo. Mfano mdogo: kutafuta herufi ndani ya maandishi, BSD walitumia kazi iitwayo index, System V wakaiita strchr. Kitendo kile kile, majina mawili. Ukiandika programu kwa jina moja, kwenye mashine ya jirani inakataa kujengwa.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kumtwika mzigo mtumiaji. Unapakua programu, unasoma maelezo, unafungua Makefile, unatafuta mstari unaotaja mfumo wako, unauwasha na kuzima mingine. Hujui mashine yako ina nini? Pole yako.

Larry Wall, ambaye baadaye mwaka 1987 alitoa lugha ya Perl, alikuwa miongoni mwa waliochoka mapema. Programu yake rn ya mwaka 1984, ya kusomea habari za Usenet, ilikuja na skripti iliyoitwa Configure. Iliichunguza mashine yenyewe, na pale iliposhindwa kubaini ilimuuliza mtumiaji.

Kisha akaja David MacKenzie. Mwaka 1991 alikuwa akitunza programu nyingi za mradi wa GNU, ule ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983 ili kuwe na mfumo huru wa ukoo wa Unix. Machaguo ambayo mtumiaji alitakiwa kuyaweka kwa mkono yalikuwa yamefika karibu 20. MacKenzie akaandika skripti ndogo ya kuyakisia. Programu zilipoongezeka, akaandika chombo cha kutengeneza skripti za aina hiyo: Autoconf.

Ujanja wa Autoconf ni kwamba haimuulizi mtu "mashine yako inaitwaje?" Inauliza "inaweza kufanya nini?" Ikitaka kujua kama strchr ipo, inaandika kijiprogramu kidogo kinachoiita, inajaribu kukijenga. Kikikubali, ipo. Kikikataa, haipo. Yale maandishi yanayomiminika kwenye skrini ndiyo hayo: vipimo vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Fundi hakuulizi ukubwa wako. Anatoa futi, anapima.

Na MacKenzie alifanya uamuzi mwingine ambao tutaurudia. Mtumiaji hahitaji kuwa na Autoconf. Mtunzaji wa programu ndiye anaiendesha, inazalisha skripti ya configure, na skripti hiyo inawekwa tayari ndani ya kifurushi. Mtumiaji anahitaji ganda la kawaida la Unix tu. Ulikuwa uamuzi wa huruma: mwaka 1991 huwezi kumwambia mtu apakue chombo kingine kabla ya kupakua alichokuja kutafuta.

Gharama yake? Skripti inayozalishwa ni ndefu mno, mara nyingi maelfu ya mistari, migumu kusomeka. Kiutendaji, hakuna anayeisoma.

make install na swali la imani

Amri ya tatu inanakili programu mahali pake. Kwa desturi ni /usr/local, ili vitu ulivyojenga mwenyewe visichanganyike na vya mfumo. Kuandika hapo kwa kawaida kunahitaji mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine. Yaani umepakua maelfu ya mistari kutoka kwa mtu usiyemjua, hukuisoma, kisha unaikabidhi ufunguo wa nyumba.

Thompson aliligusa swali hili mapema. Katika mhadhara wake wa tuzo ya Turing, uliochapishwa mwaka 1984, alionyesha jinsi kompaila inavyoweza kuchezewa ili iingize hila kwenye programu inazojenga, hata kama msimbo wa programu hizo ni safi kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba kusoma msimbo hakutoshi. Mwisho wa siku unawaamini watu waliouandika.

Miaka 40 ilipita. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki kutengeneza hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine kwa ssh kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Wengi tungelaumu mtandao. Yeye akafuatilia, mpaka akafika kwenye xz, programu ya kubana mafaili. Tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa na mlango wa uani uliofichwa, na ulilenga seva za ssh.

Ulifichwa wapi? Sehemu moja ilikuwa ndani ya mafaili ya majaribio, yaliyoonekana kama data tu. Lakini kipande cha kuliamsha hakikuwa kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaiona. Kilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua peke yake, ndani ya maelekezo yanayozalisha configure. Unaona sasa? Ule uamuzi wa huruma wa mwaka 1991 uliacha pengo kati ya msimbo unaosomwa na kifurushi kinachojengwa. Mtu akaingia katika pengo hilo. Kitambaa kilionekana safi. Aliyechezewa ni fundi na futi yake.

Aliyefanya hivyo alitumia jina la Jia Tan, na alianza kuchangia kwenye mradi mwaka 2021. Alifanya kazi halali kwa muda mrefu, akimsaidia mtunzaji aliyekuwa akiubeba mradi karibu peke yake, bila malipo, mpaka akaaminiwa kutoa matoleo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo jingine la kushangaza: mtego uliamka pale tu kifurushi kilipojengwa kwa ajili ya usambazaji wa aina ya Debian au Red Hat, kwenye Linux ya prosesa za x86-64. Ungeandika zile amri tatu kwa mkono nyumbani kwako, ungenyamaza kimya. Ulitaka nguo za dukani, zile zinazovaliwa na mamilioni.

Kwa hiyo tufanyeje?

Usiache kujenga programu kutoka kwenye chanzo. Ni shule nzuri, na mara nyingine ndiyo njia pekee. Lakini jua unachokifanya katika kila hatua.

Kuanzia ./configure, tayari unaendesha msimbo wa mtu mwingine. Usidhani hatari inaanza kwenye make install. Ukiweza, tumia chaguo la --prefix usakinishe ndani ya folda yako mwenyewe, bila mamlaka ya msimamizi. Linganisha alama za ukaguzi na sahihi za kidijitali, ila ukumbuke mipaka yake: vifurushi vya xz vilikuwa na sahihi halali, ya Jia Tan mwenyewe. Sahihi inakwambia nani ametuma. Haikwambii kama ni mwaminifu.

Wahandisi nao wanaliziba pengo. Watu wa Debian, tangu mwaka 2013, wanafanyia kazi ujenzi unaorudiwa: msimbo mmoja, ukijengwa na watu wawili mahali tofauti, utoe matokeo yaleyale hadi biti ya mwisho. Ikitofautiana, kuna jambo. Wengine wanataka programu zijengwe moja kwa moja kutoka kwenye hazina inayoonekana, na configure izalishwe na anayejenga.

Lakini hakuna chombo kati ya hivyo kilichoukamata mtego wa xz. Uligunduliwa na mtu mmoja aliyeshtushwa na nusu sekunde, akakataa kuipuuza, na akaweza kuuchimba hadi mzizi kwa sababu msimbo ulikuwa wazi mbele yake. Siku nyingine utakapoona yale maandishi yakimiminika kwenye skrini, soma hata mistari michache.