Kamati ya Shule: Kazi Isiyo na Posho



Wengi wetu tuliosoma katika shule za milimani Upare tunawakumbuka walimu wetu. Wajumbe wa kamati ya shule tumewasahau. Walikuwa wazazi waliotoka shambani jioni wakaketi kwenye madawati yetu, bila posho, kuzungumzia choo kilichojaa au mtoto aliyeacha masomo.

Kazi yao ina historia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa kuanza shule wawe wamepata nafasi ifikapo 1977. Serikali haikuwa na fedha za madarasa yote hayo, hivyo vijiji vikajenga. Kwetu halikuwa jambo geni, kwani msaragambo tuliurithi kwa mababu. Watu walibeba mawe na mchanga hadi kuta zikasimama. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikazitambua kamati za shule.

MMEM ilipoanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilifutwa, na kamati zikakabidhiwa akaunti za benki, ruzuku na usimamizi wa ujenzi. Mkulima aliyezoea kuhimiza michango sasa alitia saini hundi, na mapato na matumizi yakatakiwa kubandikwa ubaoni, kila mzazi aone.

Mwaka 2016 elimu ilifanywa kuwa bila malipo hadi kidato cha nne, na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Ni nafuu kubwa kwa wazazi. Lakini ruzuku huhesabiwa kwa idadi ya wanafunzi, na shule yenye watoto wachache hupata kidogo, ingawa paa lake huvuja sawa na la shule kubwa. Hapo ndipo mchango wa hiari unapohitajika.

Nasi tuna la kukiri. Wakati fulani tulimlipa fundi moja kwa moja kutoka Dar es Salaam bila kuishirikisha kamati. Hakukuwa na wa kumsimamia, na mabati yaling'oka kwa upepo wa kwanza. Kamati ndiyo iliyoitisha msaragambo kuyarudisha.

Kwa hiyo mwaka huu kila shilingi mtakayochanga itapitia kwa kamati ya shule, na hesabu itasomwa mbele ya wazazi. Wao wanatoa jioni zao. Sisi tulio mbali tutoe tulichojaliwa.