Rada ya kelele: jinsi mawimbi ya nasibu yanavyopima umbali

Rada ya kelele ni mtambo unaotambua vitu kwa kurusha mawimbi ya redio yasiyo na mpangilio, mithili ya mkwaruzo unaosikika redioni pasipo na stesheni. Mhandisi B. M. Horton alieleza matumizi yake katika kupima umbali mwaka 1959.

Mtambo huhifadhi nakala ya kelele iliyorushwa, kisha huilinganisha na mwangwi unaorejea. Pale viwili hivyo vinapooana, muda wa kuchelewa hufichua umbali. Rada ikisimikwa Rwimbogo, wilayani Rusizi, mwangwi wa kilima kilicho umbali wa kilomita 15 ungerejea baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kelele yenye upana wa masafa wa megahezi 150 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa mita moja hivi.

Kwa kuwa kelele haijirudii, ni vigumu kuighushi, na rada jirani hazivurugani sana. Sifa hiyo ina uzito katika wilaya inayopakana na Kongo na Burundi, kwani mawimbi hayatambui mipaka.

Hata hivyo, ulinganishaji huacha mabaki yanayoweza kuficha ndege ndogo kando ya mlima. Aidha, kelele halisi hupanda na kushuka mno, hivyo kipaza nguvu hakitumiki kikamilifu. Wasanifu husawazisha kimo cha wimbi na kuichonga kelele ili mabaki yapungue. Lakini wakizidisha mpangilio, unasibu hupotea, na rada huanza kutabirika.