Ushahidi wa Tabora Uliokosa Hakimu

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita waliijua Nuremberg vizuri. Ukiwauliza ni wapi manusura wa kambi walisimama mbele ya majaji wakaeleza yaliyowafika, mikono ilipanda kabla hujamaliza swali. Mimi niliwaongezea jina la Marie-Claude Vaillant-Couturier, Mfaransa aliyeieleza Auschwitz mahakamani Januari 1946. Kisha nikawauliza: na wa kambi ya hapa Tabora, walisimama wapi? Darasa zima likatulia. Kambi gani tena, mwalimu?

Ilikuwepo. Vita vya kwanza vya dunia, ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Mjerumani, vilipozuka Agosti 1914, raia wa Uingereza waliokutwa katika koloni la Wajerumani walikamatwa. Wengi walikuwa wamisionari wa UMCA na CMS, wanaume kwa wanawake. Baadhi waliwekwa kwanza Kiboriani, mlimani juu ya Mpwapwa, na baadaye wakaletwa Tabora. Mahali palifaa: mbali na pwani, na reli ilikuwa imeshafika tangu 1912. Miongoni mwa mateka hao alikuwa Ernest Spanton, mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja. Waliachiliwa Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji ya Jenerali Tombeur yalipoingia mjini kutoka magharibi.

Sisemi Tabora ilikuwa Auschwitz, na mtu akizilinganisha nitambishia. Lakini kilichofuata kilifanana na kinachofuata kambi yoyote: watu walitoka, wakaanza kusema. Mwaka 1917 serikali ya Uingereza ilichapisha taarifa rasmi kuhusu jinsi Wajerumani walivyowatendea mateka wa Kiingereza na wenyeji katika Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Spanton alitoa kitabu chake kuhusu miaka miwili ya kifungo. London kulikuwa na kamati nzima, chini ya Jaji Younger, iliyokuwa ikikusanya maelezo ya waliorudi kutoka mikononi mwa adui.

Na walilalamikia nini? Chakula kibaya, ndiyo. Maradhi. Lakini lililowachoma zaidi ni kazi za mikono mbele ya macho ya watu weusi: kuvuta mkokoteni barabarani huku askari mweusi akiwasimamia. Waliona Wajerumani wamekusudia kuwadhalilisha mbele ya wenyeji. Mimi ni Mnyamwezi, na hapo huwa naweka kitabu chini kidogo. Mji huu umejengwa kwa mabega ya wapagazi. Pembe za ndovu, shaba, vitambaa, shanga, na watumwa waliofungwa pamoja shingo kwa shingo, vyote vilipita hapa kwenda au kutoka Bagamoyo, miaka na miaka. Mzungu aliposhika mkokoteni, habari ikafika London.

Sikatai kwamba waliteswa. Ila katika maelezo yaleyale kuna watu wengine ambao mateso yao yalikuwa mazito kuliko ya mkokoteni: walimu Waafrika wa misheni hizo, watu wa Bonde na Ugogo. Hawa walishukiwa kuwa majasusi wa Waingereza. Walitiwa minyororo shingoni, wakachapwa kiboko, ile hamsa-ishirini ambayo koloni zima liliijua, wakatumikishwa. Wengine walifia kifungoni. Sehemu kubwa ya habari zao tunazo kwa kupitia vinywa vya wamisionari. Mwalimu aliyevishwa mnyororo hakuitwa London mbele ya kamati.

Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa na milango miwili. Ibara ya 228 iliwaruhusu washindi kuwashtaki Wajerumani waliovunja sheria za vita. Ibara ya 119 iliinyang'anya Ujerumani makoloni yake. Ushahidi wa Tabora ulipitishwa mlango wa pili. Kesi zilipofunguliwa Leipzig Mei 1921, mbele ya majaji Wajerumani, mateka wa zamani wa Kiingereza walitoa ushahidi dhidi ya walinzi wao. Karl Heynen, aliyewapiga mateka kwenye mgodi wa makaa ya mawe, alipata miezi kumi. Emil Müller, mkuu wa kambi huko Ufaransa, alipata sita. Afrika Mashariki haikuwa na kesi hata moja. Koloni lilikuwa limeshapatikana, hakimu wa nini?

Anayeona namkosea Mwingereza na aitazame Namibia. Mwaka 1918 kilichapwa kitabu cha serikali chenye viapo vya Waherero na Wanama walionusurika vita na kambi za Wajerumani, wenyewe, kwa majina yao. Mwaka 1926, ili kuwapatanisha walowezi wa Kijerumani na wenzao weupe, nakala zikaamriwa zikusanywe na kuharibiwa.

Wajerumani nao walikuwa na ushahidi wao. Ada Schnee, mke wa gavana, alikuwa Tabora mji ulipoanguka, na mwaka 1918 kitabu chake kuhusu yaliyompata kilitoka. Kila mzungu aliyekaa kifungoni hapa, ungedhani, alipewa kalamu mlangoni.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa na Wabelgiji mwaka uliofuata kuanguka kwa mji kubeba mizigo kuelekea Mahenge. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, wale walioipa Kariakoo jina lake, waliokufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nilimuuliza babu, nikiwa kijana mwenye daftari jipya, kama kuna karani yeyote aliyewahi kumketisha akaandika aliyoyaona. Akauliza karani huyo angekuwa wa upande gani. Nikamwambia wowote. Akaniambia niandike basi, na akaanza na majina ya wenzake waliobaki njiani.