Kabla Hujamfukuza Mtu Kwenye Gildi, Soma Hii

Leo ni historia, lakini usikimbie, si ile ya kukariri ya mtihani.

Wiki mbili zilizopita gildi yetu ilipiga kura kumfukuza mtoi mmoja. Kama hujui gildi ni nini, ichukulie tu kama chama, ile ya kina mathe ya Jumapili. Tofauti ni kwamba hapa hamchangi pesa, mnachanga nguvu. Mnaingia vitani pamoja, mnagawana mali pamoja, na mkikosana mnakosana kweli kweli. Mtoi mwenyewe yuko Nakuru, anacheza na simu iliyopasuka kioo. Bando likiisha anapotea katikati ya vita, na akipotea sisi wote tunakufa. Wasee wakachoka. Kura zikatoka saba kwa mbili, na kwa sababu mimi ndiye kiongozi, kidole cha kubonyeza ni changu.

Sikubonyeza. Si ati mimi ni mtu mzuri sana. Ni kwamba mimi pia niliwahi kutolewa kwenye gildi ya wazungu sababu stima ilipotea mtaani. Taa ziliporudi nikapata jina langu halipo, na mtu ameniachia ujumbe wa kuuliza kama kwetu tunatumia mishumaa. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Niliumia vibaya, na singeweza kumwambia mtu, kwa sababu utaanzia wapi kumweleza mathe kwamba unalia juu ya watu hujawahi kuwaona?

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza nikaamua kusoma hizi gemu zilianzia wapi, na zilitengenezewa nani.

Turudi mwaka wa 1978, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Mwanafunzi anayeitwa Roy Trubshaw alianza kuandika gemu aliyoipa jina MUD. Hakukuwa na picha hata moja. Maandishi yanakuambia uko wapi na kuna nini mbele yako, nawe unaandika unachotaka kufanya. Gemu za kuvaa uhusika zilikuwepo tayari: Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa wametoa Dungeons & Dragons kule Marekani mwaka wa 1974, lakini hiyo mlikaa mezani na kurusha dadu. Kitu kipya Essex kilikuwa kwamba watu wengi waliingia ndani ya dunia moja, wakati mmoja, kila mtu akiwa kwa terminali yake. Mwaka wa 1980 Trubshaw alimwachia mwenzake Richard Bartle kazi hiyo, naye akaikamilisha.

Hapa ndipo nilipokaa wima. Bartle amewahi kueleza kwa nini waliijenga. Hawakutoka familia za kitajiri, na Uingereza ya wakati huo, ukifungua mdomo tu watu walijua wewe ni mtoto wa nani na mlango gani ufungiwe. Walitaka dunia ambayo hakuna anayejua baba yako ni nani. Unaingia ukiwa huna kitu, sawa na kila mtu, na unapanda kwa kile unachofanya. Yaani hii kitu ilianza kama malalamiko ya vijana wasiokuwa na jina kubwa. Soma hiyo sentensi tena ukimfikiria mtoi wetu wa Nakuru.

Kompyuta ya chuo ilikuwa na kazi zake mchana. Watu wa nje walioingia kwa laini ya simu waliachiwa usiku wa manane. Kumbe sisi wa bando la usiku tuna mababu! Hao ni kati ya wachezaji wa mwanzo: watu waliokubali kukosa usingizi ili wapate mahali.

Sasa, walikuwa watu wa aina gani? Bartle alilitafakari swali hilo miaka mingi, na mwaka wa 1996 akachapisha makala ambayo mpaka leo watengenezaji wa gemu wanaisoma. Alitumia karata. Kuna watu wa uru, hao wanatafuta hazina na kupanda ngazi. Kuna shupaza, wachimbaji, wanaotaka kujua kila kona na kila siri. Kuna kopa, watu wa moyo, ambao gemu kwao ni kisingizio cha kupiga stori. Na kuna pau, wenye rungu, ambao raha yao ni kukuharibia raha yako.

Wengi hukumbuka hizo aina nne tu, wanajitafutia yao na kuishia hapo. Lakini uzito wa makala uko mahali pengine. Bartle alionyesha kwamba aina hizi zinategemeana na zinaweza kumalizana. Pau wakizidi, kopa wanahama. Kopa wakihama, uru hawana wa kuwaonyesha walichopata. Dunia inabaki mahame, na hakuna aliyewafukuza kwa kura. Walichoka tu, wakaenda.

Na historia imemthibitisha mara kadhaa.

Mwaka wa 1993, kulikuwa na dunia ya maandishi inaitwa LambdaMOO, iliyoanzishwa na Pavel Curtis huko California. Mchezaji mmoja aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyomwezesha kuwaendesha wahusika wa watu wengine, akawafanyia mambo ya aibu mbele ya kila mtu, wenyewe wakisoma kwenye skrini bila uwezo wa kuzuia. Wenyeji walikasirika, wakakutana kujadili. Je, ni kosa kweli kama hakuna aliyeguswa mwili? Nani ana haki ya kuhukumu? Walijadili bila kufika popote, mpaka msimamizi mmoja akaamua peke yake kumfuta. Curtis aliporudi akaweka utaratibu wa wachezaji kuwasilisha hoja na kuzipigia kura. Mwandishi Julian Dibbell aliisimulia habari hiyo kwenye gazeti la Village Voice mwaka huo huo, na wanasheria bado wanaisoma. Ona basi: kura tuliyopiga sisi ndani ya dakika tano, ilizaliwa na watu walioumizwa na kukosa njia ya haki.

Mwaka wa 1997 ikaja Ultima Online, na sasa kulikuwa na picha. Mwanzilishi wake, Richard Garriott, alitembea humo kama mfalme, Lord British. Kabla gemu haijafunguliwa rasmi, siku ya majaribio, mchezaji mmoja alimmwagia moto na mfalme akafa, kwa sababu kinga yake haikuwa imewashwa. Watu walicheka, lakini baada ya kufunguliwa kicheko kiliisha. Wenye rungu walikaa nje ya miji wakiua kila mgeni anayetoka na kisu chake kidogo. Mwaka wa 2000 watengenezaji wakaona hakuna njia, wakaigawa dunia mara mbili: upande mmoja unaweza kuuawa na mchezaji mwenzako, upande mwingine huwezi. Mpaka leo wazee wa gemu hiyo wanabishana kama uamuzi huo uliiokoa au uliiharibu.

Halafu kuna World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004. Mwezi wa Septemba 2005 waliongeza jitu lenye laana ya damu inayoambukiza. Laana ilitakiwa kubaki ndani ya pango, lakini wanyama wa wachezaji wakaibeba mpaka mijini. Wachezaji wadogo walikufa papo hapo, barabara zikajaa mifupa. Kuna waliokimbia mbugani. Kuna waganga waliosimama mjini wakiwatibu watu wasiowajua. Na kuna walioambukizwa wakaenda kwa makusudi palipojaa watu. Watengenezaji ikabidi wazime na kuwasha seva upya. Mwaka wa 2007 watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuihusu kwenye jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases, wakisema tukio hilo linaweza kutufundisha jinsi binadamu wanavyofanya wakati wa mlipuko. Sisi tulioishi mwaka wa 2020 hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa nikuambie ile iliyonigusa zaidi.

Mats Steen alikuwa kijana wa Norway mwenye ugonjwa wa Duchenne, unaomaliza misuli pole pole. Alitumia kiti cha magurudumu, na mwishowe alibaki na vidole tu vya kusogeza. Alicheza Warcraft maelfu ya saa. Wazazi wake walimpenda sana, lakini waliamini anaishi bila rafiki. Alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Baba yake akaingia kwenye blogu ya Mats, akaandika kwamba mwanawe amefariki, akaacha anwani ya barua pepe. Ujumbe ukaanza kuingia. Mmoja, mwingine, halafu mwingi. Watu wa nchi tofauti wakamweleza kuhusu Ibelin, jina la Mats kwenye gemu, na jinsi alivyowasaidia. Kulikuwa na msichana wa Uholanzi ambaye wazazi wake walimnyang'anya kompyuta, na Mats aliwaandikia wazazi hao barua kumtetea. Wanagildi wake wa Starlight wakasafiri kuja mazishini. Mwaka wa 2024 ikatoka filamu kuhusu maisha yake, na ndiyo hiyo nilimwekea mathe. Hakusema kitu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na wako wanaitwa nani?"

Kwa hivyo ukiniambia gemu hizi ni za watu wavivu, nitakuuliza wavivu gani. Nick Yee, mtafiti aliyewahoji maelfu ya wachezaji miaka ya 2000, alikuta wastani wa umri wao ni kama miaka 26. Wengi walikuwa na kazi, wengine wana watoto. Hawakuwa matineja waliojificha kwa giza. Walikuwa majirani zako.

Lakini nisikudanganye kwamba kila mtu hupokelewa. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, vijana wengi kule waliingia RuneScape kuua majoka na kuuza dhahabu ya gemu kwa dola, maana pesa ya nyumbani ilikuwa karatasi tu. Kuuza hivyo ni kinyume cha sheria za gemu, hiyo sibishi. Ila mwaka wa 2017 kuna mchezaji aliyeandika maelekezo ya jinsi ya kuwawinda. Hebu fikiria. Mtu anatafuta unga wa jioni, na mwingine anamwinda kwa raha, halafu anaita hiyo ni gemu tu, bana.

Sisi Wakenya tulifika kwa karamu tukiwa tumechelewa. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009, yaani miaka mitano baada ya Warcraft kutoka. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Tulipoingia, wenzetu walikuwa na ngome, mali, na sheria zao. Na seva nyingi bado ziko ng'ambo, kwa hivyo upanga wangu hufika baada ya adui kuondoka. Tumekuwa wageni wa kuvumiliwa kwa nyumba za watu. Ndiyo maana tukaanzisha gildi yetu. Ndiyo maana ina jina la Kiswahili.

Halafu sisi wenyewe, mara ya kwanza tukipata nguvu, tunamfukuza mtoi kwa sababu ya bando?

Najua hoja ya wale saba, na si ya kijinga. Mtu ametoka kazini saa mbili usiku, amekwama kwa jam, ana saa moja pekee ya kujifurahisha, na hiyo saa inaharibika kwa sababu ya simu ya mtu mwingine. Hiyo ni haki yake pia. Lakini kosa lilikuwa letu wa mwanzo. Tulimweka mtoi awe mganga wa kikosi, kazi ambayo ukipotea sekunde kumi watu wanakufa. Tulifanya hivyo sababu hatukumuuliza anapenda nini. Tulidhani kila mtu ni uru.

Nikamtafuta kando nikamuuliza. Kumbe yeye ni shupaza safi. Ana daftari, la karatasi kabisa, ambalo amechora mapango yote ya gemu na saa ambazo kila jitu huamka. Alinitumia picha. Kuna njia mbili humo ambazo mimi, kiongozi, sikuzijua.

Kwa hivyo niliirudisha kura mezani na pendekezo jipya: mtoi atoke kwa uganga, awe mpelelezi wetu, na kila mtu, si yeye pekee, aseme mapema kama bando au stima yake haiaminiki. Safari hii wakati wa kura yeye mwenyewe aliruhusiwa kuongea kwanza. Ikatoka sita kwa tatu abaki.

Mmoja wa wale watatu ameondoka gildi, na alikuwa mpiganaji wetu bora. Inauma, na Jumamosi pengine tutapigwa. Lakini tutaingia kwa ile njia ya daftari.