Fizi, Gome na Kisu

Sisi tuliokulia Yangambi, kando ya mto Kongo, tulijua tiba moja tu ya jino linalocheza: koleo. Mzee akivimba ufizi, ukatoa damu na usaha, alikwenda hospitali iliyojengwa na INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1933, akang'olewa, akarudi na pamba mdomoni. Mara nyingi jino lenyewe lilikuwa zima. Kilichoharibika ni kile kinacholishikilia. Mimi nilipasuliwa ufizi Kisangani na meno yangu ninayo bado. Tangu hapo nimefuatilia ufundi huu ulikotoka, na naona historia yake yote inaelekea upande mmoja: wapasuaji wamejifunza kukata kidogo na kuhifadhi zaidi.

Ugonjwa huanza kimya. Utando wa vijidudu hujikusanya kando ya ufizi, usipoondolewa hugeuka mgumu ukawa ugaga. Ufizi huwaka, huachana na jino na kufanya mfuko. Mswaki haufiki humo, na mfupa unaanza kuliwa polepole. Tiba ya kwanza, tangu kale, ni kukwangua. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki karibu mwaka 1013, aliweka katika kitabu chake michoro ya vyuma vya kukwangulia ugaga, kila kimoja na umbo lake kwa upande wake wa jino. Katika karne ya 19 John Riggs wa Hartford, Marekani, alishikilia njia hiyohiyo kwa nguvu hata ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Huyu ndiye aliyemng'oa jino mwenzake Horace Wells mwaka 1844, Wells akiwa amevuta gesi ya kuondoa maumivu.

Lakini mfuko ukiwa na kina kirefu, chuma hakioni kinakokwenda. Hapo kikaingia kisu. Mwaka 1884, Robicsek wa Vienna alieleza jinsi ya kuukata ukingo wa ufizi na kuutupa, kisha kukwangua mfupa uliobaki wazi. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, Carl Koller aligundua kwamba kokeini hulitia jicho ganzi. Prokaini ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20, kisha lidokaini, iliyotengenezwa na Nils Löfgren wa Sweden mwaka 1943. Bila ganzi hizo, kukata fizi kungebaki mateso.

Waliokata na kutupa waliamini kuwa mfupa chini ya mfuko umeoza. Mwaka 1935 Rudolf Kronfeld alionyesha kwamba sivyo: mfupa umerudi nyuma kwa sababu ya uvimbe ulio juu yake, haujaoza. Leonard Widman wa Sweden alikuwa tayari, mwaka 1918, amechapisha njia ya kuufungua ufizi, kusafisha mizizi kwa macho, na kuurudisha mahali pake. Mwaka 1974 Ramfjord na Nissle wakaipunguza zaidi: mkato mdogo, mfupa usiguswe ila inapobidi, ufizi urudi ukumbatie jino.

Niliposoma hayo nilimwona baba yangu. Alikuwa mbebeshaji wa miche ya mpira katika mashamba ya utafiti. Alikata gome pande tatu, akaliinua taratibu, akapachika jicho la mti bora, akalirudisha gome na kulikaza kwa utepe. Kisu chake alikifuta baada ya kila mche. Ile ngozi laini yenye utelezi chini ya gome hakuruhusu hata kucha yetu iiguse, maana ndiyo inayounganisha. Mpasuaji wa fizi naye ana masharti hayohayo: chombo safi, tabaka la chini lisichubuliwe, kifuniko kirudi na kukazwa bila kunyongwa.

Daktari wangu alikuwa mwanamke kijana asiyependa haraka. Alipomaliza kushona, alimwaga unga mweupe wa oksidi ya zinki juu ya kipande cha kioo, akadondosha mafuta ya karafuu, akasonga kwa kijiko bapa mpaka pakawa na donge kama la ugali mgumu, akalibandika juu ya nyuzi. Chumba kizima kikanukia pilau. Ward, Mmarekani, ndiye aliyeeneza kifuniko cha namna hiyo mwaka 1923, na kwa miaka mingi karafuu ya Unguja na Pemba ilisafiri dunia nzima ikiishia midomoni mwa wagonjwa. Siku hizi madaktari wengi hutumia donge lisilo na karafuu, kwa kuwa mafuta yake huweza kuunguza kidonda, na wengine hawafuniki kabisa.

Kupona ni kazi ya mgonjwa. Nilikaa kwa dada yangu Kisangani badala ya kurudi mtoni na nyuzi mdomoni. Uvimbe hukua siku mbili tatu za mwanzo. Barafu kwenye shavu husaidia siku ya kwanza. Nilikula uji, samaki wa kuchemsha, na lituma (ndizi za kupondwa) iliyopoa, bila pilipili. Jirani alileta lotoko nisukutue. Nikamshukuru nikaikataa, maana pombe kali huchoma kidonda kibichi. Tumbaku pia ni mwiko, kwani hupunguza damu inayolisha ufizi. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Mahali hapo hapapigwi mswaki mpaka daktari aruhusu. Husukutuliwa kwa klorheksidini. Dawa hiyo ilipata sifa mwaka 1970, Löe na Schiött walipoonyesha kwamba kusukutua mara mbili kwa siku huzuia utando hata mswaki ukiachwa. Huacha madoa ya kahawia, lakini madoa husafishika. Ufizi ukishapona hukaa chini kidogo, meno yakaonekana marefu na kusisimka kwa maji baridi. Hiyo ndiyo bei, na mimi nimeilipa kwa moyo mweupe.

Si kila ufizi unahitaji kisu. Mwaka 1988 Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Machakos, Kenya: karibu wote walikuwa na utando na ugaga, lakini mifuko yenye kina kirefu ilikuwa kwenye meno machache. Maana yake kwetu ni kubwa. Muuguzi mmoja mwenye vyuma vya kukwangulia, aliyefundishwa vizuri na kuwekwa hapahapa Yangambi, angeokoa meno mengi kabla ya mtu kuhitaji nauli ya boti. Nasi tungemfuata mapema, damu inapoonekana kwenye mswaki, tusisubiri jino litikisike.