Mguu Ukisema, Usikilizwe

Ndugu msikilizaji, sisi tunaokaa mijini tunaijua Kyela kwa mchele wake. Ukienda sokoni muuzaji atakuapia kwamba gunia lile limetoka Kyela, hata kama limetoka kwingine, kwa kuwa jina lenyewe linatosha kuuza. Lakini ufukwe ule wa kaskazini ya Ziwa Nyasa, kuanzia mto Songwe mpakani na Malawi hadi Matema chini ya milima ya Livingstone, una jambo jingine lisilozungumzwa sana. Una historia ndefu ya miguu ya watu. Leo nataka tuitazame historia hiyo, kwa sababu ina neno la kuwaambia vijana wetu wanaojiandaa kwa mbio ndefu.

Mbio za barabarani zimeenea siku hizi. Kuna mbio za Kilimanjaro kule Moshi, kuna mbio za Tulia pale Mbeya, na nyingine nyingi. Marathoni kamili ni kilometa 42 na meta 195. Hakuna anayeikimbia kwa kuamka tu siku moja na kuvaa viatu. Ni kazi ya miezi. Na katika miezi hiyo hakuna asiyeumwa. Leo goti, kesho kisigino, keshokutwa muundi au nyonga. Swali ni mtu afanye nini anapoumwa. Jibu analopewa kijana mara nyingi ni neno moja tu: jikaze. Akiuliza ajikaze mpaka lini, anatajiwa jina la John Stephen Akhwari.

Basi tuanze na Akhwari, maana jina lake ni la heshima na halifai kutumiwa ovyo. Mwanariadha huyu wa Mbulu alikwenda Mexico mwaka 1968 kuiwakilisha Tanzania katika Michezo ya Olimpiki. Mji wa Mexico uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi iliwasumbua wakimbiaji wengi. Misuli ilimkaza. Kisha, kabla hajafika nusu ya safari, wakimbiaji waligongana wakigombea nafasi, akaanguka, goti likaumia vibaya na bega pia. Akafungwa bendeji akaendelea, mara akichechemea, mara akitembea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza likiingia na watazamaji wengi wamekwisha ondoka. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, na yeye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aanze mbio, bali azimalize.

Hiyo ndiyo sehemu tunayoisimulia. Sehemu tusiyoisimulia ni kwamba Akhwari hakuumia mazoezini. Aliumia siku ya mashindano yenyewe, katika safari ambayo hapakuwa na kesho yake. Na tena, miaka miwili baadaye, mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyu huyu alimaliza marathoni akiwa wa 5 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ulikuwa bora kuliko ule wa mshindi wa Mexico. Mguu ule ulipona. Kama asingeupa nafasi ya kupona, tungebaki na picha ya bendeji peke yake.

Siku ya mashindano ni moja. Siku za mazoezi ni mia na zaidi. Ushujaa wa ile moja haufai kutumika katika zile mia. Ushahidi wa maneno haya tunao palepale kwenye ufukwe wa Nyasa, katika maisha ya watu waliotembea mbali kuliko mkimbiaji yeyote wa leo.

Katika karne ya 19, mzigo haukusafiri kwa gari wala kwa punda. Ulisafiri juu ya kichwa na bega la mpagazi. Kila mmoja alibeba ratili 60 au 70, yaani karibu kilo 30, kwa mamia ya kilometa. Hawa walikuwa watu wa kazi, na kazi yao ilikuwa na desturi zake. Walianza mwendo alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Mwendo wa alasiri, walioujua kwa jina la tirikeza, waliuchukia, na kiongozi aliyeulazimisha mara kwa mara alisikia manung'uniko. Mtu anaweza kudhani huo ulikuwa uvivu. Haukuwa uvivu. Mtu anayeishi kwa miguu yake huilinda miguu hiyo kama mvuvi anavyolinda nyavu zake.

Mfano mmoja ni James Chuma, Myao aliyezaliwa upande wa kusini wa ziwa hili na kuokolewa utumwani mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. David Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Sifa yao imeenea duniani kote. Lakini jambo moja husahauliwa. Siku chache tu baada ya kuanza safari, nusu ya msafara ilishikwa na maradhi na maumivu ya viungo, na Susi mwenyewe akawa hoi. Walifanya nini? Walikaa. Walipumzika karibu mwezi mzima, wakati wamebeba mzigo ambao mtu mwingine angesema hauwezi kungoja hata siku moja. Kisha wakaendelea, wakafika.

Mwaka 1879 Chuma alirudi pande za ziwa lake, safari hii akiwa mkuu wa wapagazi wa Joseph Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 21. Walitoka Dar es Salaam mwezi Mei. Kiongozi wa kwanza wa msafara, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi Juni. Thomson akachukua uongozi, lakini aliyejua watu na njia alikuwa Chuma. Septemba wakafika mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, katika nchi ya Wanyakyusa, kisha wakaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Msafara ule ulirudi pwani mwaka 1880 ukiwa na karibu watu wake wote hai, jambo la nadra katika misafara ya siku zile. Thomson aliipenda methali moja ya Kitaliano yenye maana kwamba aendaye taratibu huenda salama, na aendaye salama hufika mbali. Waswahili wa msafara wake hawakuhitaji kutafsiriwa. Walikwisha sema zamani kwamba polepole ndio mwendo.

Sasa, ndugu msikilizaji, tutazame upande wa pili. Palepale, miaka 35 baadaye, wapagazi wengine walipita. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mto Songwe ukawa mstari wa vita. Jeshi la Wajerumani kutoka Tukuyu, iliyoitwa wakati huo Neu Langenburg, lilivuka Songwe likapigana na Waingereza huko Karonga tarehe 9 Septemba 1914. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likavuka mpaka kwenda kaskazini, na Tukuyu ikatekwa mwezi huohuo. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi waliobeba risasi na chakula. Ng'ambo ya Nyasaland waliitwa tengatenga. Dar es Salaam, mtaa walikopiga kambi wenzao ukarithi jina la kikosi chao, na leo tunaenda Kariakoo kununua nguo bila kuwakumbuka.

Kazi ilikuwa ileile ya kubeba, lakini jambo moja lilikuwa limebadilika. Wengi wao hawakuja kwa hiari, na hawakuwa na ruhusa ya kusema leo siwezi. Walitembea na vidonda. Walitembea na funza, mdudu aliyeletwa Afrika kwa meli kutoka Amerika ya Kusini katika miaka ya 1870 na kusambaa bara zima, akiharibu vidole vya miguu. Walitembea na homa na kuhara, kwa chakula kibaya. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na uchovu, si risasi. Walivumilia kuliko binadamu yeyote anavyopaswa kuvumilia, na uvumilivu ule haukuwaokoa.

Kwa hiyo tofauti kati ya msafara wa Chuma na msafara wa vita haikuwa ujasiri. Ujasiri ulikuwapo kote. Tofauti mojawapo kubwa ilikuwa haki ya kupumzika mwili unapodai.

Leo sayansi inatueleza kwa nini. Mtu anapoanza mazoezi, moyo na mapafu huzoea mapema, katika wiki chache. Misuli hufuata. Kano na mifupa huchelewa. Mfupa huchukua miezi mitatu au minne kujijenga upya baada ya kupewa kazi ngeni, na katikati ya ujenzi huo huwa dhaifu kidogo kabla ya kuwa imara. Hapo ndipo hatari ilipo. Kijana anajisikia ana pumzi ya kwenda kilometa 30, na ni kweli anayo, lakini muundi wake bado uko kwenye kilometa 15. Pumzi imemtangulia mfupa. Akizidisha, mfupa unaweza kupata ufa mdogo, na ufa huo ukipuuzwa ukawa mvunjiko.

Kwa mkimbiaji wa Kyela kuna jambo la ziada. Kyela ni tambarare yenye joto, karibu meta 500 tu juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko juu yake kwa zaidi ya meta 1,000. Wengi huogopa mpanda, wakafurahia mteremko. Kumbe mteremko ndio unaoumiza zaidi. Mtu akishuka mbio, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku imekaza. Kesho yake na keshokutwa atashuka ngazi kama mzee. Maumivu ya namna hiyo, yaliyo pande zote mbili na yanayopungua siku ya tatu au ya nne, si ugonjwa. Ni mwili unajifunza. Atembee, ale, alale, asirudie mteremko mpaka yaishe.

Maumivu mengine ni ya kusimamisha mwendo. Ukiweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole mahali pamoja juu ya mfupa, simama. Yakizidi kadiri unavyokimbia badala ya kupungua ukipata joto, simama. Yakikuamsha usiku, au yakikufanya uchechemee, simama na uende hospitali. Kifundo kikiteguka na kuvimba, usikimbilie kukichua na kukikanda kwa maji ya moto siku ileile. Kipoze kwa maji baridi, kifunge, kiinue juu. Na usimeze vidonge vya kutuliza maumivu ili ukimbie. Kidonge hakiponyi, kinanyamazisha mguu usiseme. Tena katika joto la Kyela, mwili ukiwa umekauka maji, baadhi ya vidonge hivyo huweza kudhuru figo.

Jambo la mwisho ni la ufukwe ule hasa. Kyela ina malaria. Viungo vikiuma na mwili ukichemka, usiseme ni mazoezi. Pima damu kwanza. Mwenye homa hakimbii, hata awe bingwa.

Mabingwa wenyewe wanalijua hili. Alphonce Simbu alipata medali ya shaba ya dunia kule London mwaka 2017, na ikamchukua miaka 8 kufika kwenye dhahabu, aliyoitwaa Tokyo Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu. Hakuna mwili unaodumu miaka 8 katika mbio za kilometa 42 kwa kukazwa tu. Unadumu kwa kutunzwa.

Makocha, wazazi na waalimu, kijana akija akisema mguu unauma, msimtajie Akhwari wa 1968 bila kumtajia Akhwari wa 1970. Na wewe kijana unayeamka gizani kukimbilia njia ya Ipinda, ujue kwamba wapagazi wa 1916 waliopita nchi hiyo wangetoa chochote wapate siku moja ya kukaa chini wakauguza miguu yao. Wao walinyimwa. Wewe unayo, wala hakuna wa kukunyima ila wewe mwenyewe.